Eneo Halina Mwenyewe

Katika vijiji vinne nilivyofanya kazi ya utendaji, watu wananikumbuka kwa jambo moja, nalo ni usafi. Nikifika tu, njia zinafyekwa, mashimo ya taka yanachimbwa, mawe ya mbele ya ofisi yanapakwa chokaa. Nilizoea hivyo tangu kwetu Kibiti, kwenye nyumba ya kando ya barabara, ambako mama alifagia uwanja asubuhi na kuufagia tena jioni, utadhani magari ya Lindi yangesimama kumkagua. Wazee wetu walishuka kutoka milima ya Umatumbi wakitafuta ardhi ya mikorosho. Kwetu ukitaka kujua shamba ni la nani unatazama miti: ile ya baba, ile ya baba mdogo, na ule uliopinda ni wa shangazi aliyeolewa Ikwiriri. Kwa hiyo nilipopangiwa kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, mashamba ya nchi kavu nilikuwa nayajua. Ya matopeni sikuyajua, na cheo kikanizuia kuuliza.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, hatua chache kutoka ofisini. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na alinichukua kama mtoto wake tangu siku ya kwanza aliponiona nikishuka kwenye boti na viatu vya kisigino. Jioni tulikaa barazani yeye akisuka ukili, mimi nikilalamika juu ya mtandao. Alikuwa akinieleza habari za shamba lake la mpunga ng'ambo ya kijito. Limelala, aliniambia. Chumvi ilipanda, akaliacha lipumzike, na sasa mafuriko ya maji baridi yamelisafisha kwa misimu kadhaa. Mwaka huu anarudi. Shamba lake la pili, lile la juu mtoni, mafuriko hayohayo yalikuwa yamelifukia kwa mchanga hadi magotini, kwa hiyo chakula chake chote cha mwaka alikiweka kwenye hilo lililolala. Mimi nilimsikiliza kama mpangaji anavyomsikiliza mwenye nyumba, yaani kwa kuitikia.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, bintiye alilazwa Mchukwi kwenye hospitali ya misheni, mimba ikiwa imemsumbua. Mama akafunga khanga zake kwenye mfuko, akaniachia funguo na kuku, akaenda kumuuguza. Alisema angerudi baada ya wiki moja. Alikaa karibu miezi miwili.

Katika miezi hiyo ndipo barua zilipoanza kushuka. Sijui kama watu wanajua barua ya serikali inavyofika delta. Inaandikwa wizarani, inapita mkoani, inapita wilayani, inaingia halmashauri, inateremka kata, na mwisho inanifikia mimi kwenye simu, imepigwa picha kwa haraka, kona moja imekatika na kidole cha mtu kinaonekana. Barua ya kwanza ilihusu mabadiliko ya tabianchi. Mikoko imepungua, ilisema. Mikoko inazuia bahari na inahifadhi hewa ukaa. Kila kijiji cha delta kitenge eneo lililoharibiwa, kipande miche kabla ya ugeni wa wafadhili kufika. Barua ya pili ilikuja wiki hiyohiyo kutoka upande wa kilimo. Hiyo nayo ilianza na mabadiliko ya tabianchi: mvua hazitabiriki, njaa inanukia, kila kaya iongeze eneo la mpunga. Zote mbili zilimalizia kwa kutaka utekelezaji wa haraka. Nilizibandika ukutani, moja kushoto, moja kulia, nikacheka peke yangu. Hapo nilikuwa bado naona kichekesho.

Afisa mazingira wa halmashauri alikuja na ramani iliyopigwa kutoka angani. Alikuwa kijana mpole, mwenye heshima, anayevua kofia akiongea na watu wazima. Kwenye ramani yake sehemu zenye miti zilikuwa kijani na sehemu zisizo na miti zilikuwa nyekundu. Tulitazama nyekundu zote. Nyingine zilikuwa mbali, nyingine zilitaka kuvuka matope ya kiunoni. Moja ilikuwa ng'ambo tu ya kijito, karibu na mahali boti zinapofunga.

"Hapa panafaa," nilisema. Ukweli ni kwamba nilifikiria viatu vya wageni.

Tulikwenda kupaona. Palikuwa pametanda majani, pametulia, na katikati zilisimama nguzo sita za mkandaa, aina ya mkoko, nyeusi kwa tope na umri. Juu yake hapakuwa na kitu. Nilijua dungu ni nini, kila mtu wa Rufiji anajua: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, familia inahamia humo msimu wa mpunga kulinda ndege na nguruwe. Lakini dungu nililolijua lina sakafu na paa. Hizi niliziona kama mabaki ya kitu kilichokwisha.

Nikaitisha mkutano mkuu wa kijiji. Nikaeleza eneo. Nikauliza kama kuna mwenye pingamizi, na watu wakatazamana kidogo, kisha wakatulia. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwembamba ambaye maneno yake huyapima kama chumvi, alikuna kidevu tu. Nikasema pafyekwe, pasafishwe, na nguzo zile zing'olewe zitumike kujengea banda la kivuli kwa wageni. Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Nguzo pia?" Nikamjibu, nguzo pia. Pakawa kimya tena, nami nikasifu moyoni mwangu jinsi kijiji kilivyokuwa na nidhamu.

Siku ya ugeni ilikuwa siku nzuri, sina budi kukiri. Jua halikuwa kali. Wageni walikuja na buti za mpira mpya kabisa, wakatumbukiza mbegu ndefu za mkoko matopeni moja baada ya nyingine, wakacheka walipokwama, wakakaa kivulini chini ya banda. Wanawake waliimba. Nilipigwa picha nikiwa nimeinama na mche mkononi. Jioni nikajaza muhtasari wa mkutano na fomu ya mradi. Fomu ilikuwa na swali: je, eneo lina mmiliki au mtumiaji yeyote? Nikaandika, kwa mwandiko wangu ninaojivunia, eneo halina mwenyewe. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Niliongea na mama kwenye simu usiku huohuo, nikamuuliza hali ya mgonjwa, akaniambia mtoto kazaliwa, wa kike, mdogo lakini ananyonya. Habari ya shamba haikuja mdomoni, kwa kuwa sikujua kama kuna habari.

Alirudi siku ya Jumanne mchana. Boti ilipofunga, watu waliniambia baadaye, alisimama kwa muda mrefu akitazama ng'ambo, mfuko ukiwa bado kichwani. Hakwenda nyumbani. Alikuja ofisini, akabisha hodi, akaketi kwenye benchi la wananchi, si kwenye kiti changu cha pembeni alichozoea kukalia akija kuniletea chai.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza jambo."

"Uliza, mama."

"Miye nimekufa lini?"

Nilidhani ni uchovu wa kuuguza. Nilimwambia apumzike, nimletee maji. Akakataa kwa mkono. Kisha akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Shamba likichoka, watu wa delta hutoa makuti ya dungu, hutoa sakafu, hutoa vyungu na mikeka, lakini nguzo hawazigusi. Nguzo zikisimama, mwenye shamba yupo, amelilaza tu, hata kama yuko Dar es Salaam, hata kama misimu kumi imepita. Hakuna mtu atakayetia jembe hapo. Nguzo hung'olewa siku moja tu, baada ya arobaini ya mwenyewe, na wanaozing'oa ni watoto wake. Zikishang'olewa, shamba ni la yeyote.

"Basi nimefika pale majini," alisema, "nimeona nimeshazikwa."

Nilichokisikia kwanza si huruma. Nilikasirika. Nilikasirikia kijiji kizima kilichokaa kimya mbele yangu na kunifanya mpumbavu. Nilitoka nikamfuata mwenyekiti, nikamkuta anaziba nyavu, nikamuuliza kwa sauti ambayo haimfai mtu wa umri wake kwa nini hakusema. Aliacha sindano ya nyavu, akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Mama mtendaji, weye unakaa naye nyumba moja. Unakula kwake. Siye tulijua kakupa ruhusa. Nani angeng'oa nguzo za mtu hivihivi?"

"Si ungeniuliza."

"Nikuulize vipi? Kumuuliza mtu kama kaomba ni kumwita mwizi. Tena mbele ya mkutano."

Wote walikuwa wamekaa kimya kwa adabu. Hakuna aliyeweza kufikiri kwamba mtu mwenye akili zake angefanya nilichofanya mimi. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya, na haya hiyo sijapata kuisahau. Mama alikuwa amekwisha kupika ugali. Alinipakulia kama siku zote. Nilimwambia, "Mama, sikujua," akasema, "Najua hukujua. Ungejua ungeuliza." Halafu akaniambia kilichokuwa kinamsumbua kweli: binti na kichanga walikuwa wanakuja kukaa naye, mume wa binti hana habari nao, na mvua za kupandia zilikuwa zimebakiza wiki chache. Bila shamba lile nyumba yake ingeingia mwaka bila mpunga, na bado kulikuwa na mtoto wa kunyonya.

Nikamwahidi nitalirudisha. Niliahidi haraka, kama watu wenye muhuri wanavyoahidi.

Nilianza kwa mtendaji wa kata, bosi wangu. Alinisikiliza, akanionea huruma, akaniambia kata haina mamlaka ya kufuta kilichokwisha kupita kata. Nikapanda boti hadi Nyamisati, na gari hadi Kibiti, nikaenda halmashauri. Afisa mazingira yuleyule mpole akavua kofia ndani ya ofisi yake mwenyewe. Alifungua kompyuta akanionyesha. Nyekundu ya ng'ambo ya kijito ilikuwa imegeuka kijani. "Imeshapanda mkoani," alisema, "na mkoani imeshapanda wizarani. Nikiirudisha nyekundu, kila mtu hadi juu atauliza msitu umekwenda wapi." Aliona aibu alipokuwa akisema hivyo. Nikavuka korido kwa afisa kilimo, mama mmoja mchangamfu, naye akasema haki iko kwa mkulima, mpunga ni kipaumbele, akaniandikia barua nzuri ya kuniunga mkono papo hapo. Nilimuuliza kama barua hiyo ingeruhusu miche ing'olewe. Akacheka. "Mikoko, mdogo wangu? Mikoko si yetu. Hata kijiti."

Ni kweli. Mikoko yote ni hifadhi ya serikali kuu, na shamba la mpunga ndani ya mikoko ni kitu ambacho kwa karatasi hakipo, ingawa delta nzima inakula kutoka humo. Afisa wa misitu alikuwa mtu mnene, mtulivu, aliyezeeka na kazi hiyo. Aliniambia hajawahi kumfukuza mkulima wa zamani, na kwamba enzi za nyuma, kabla Kibiti haijawa wilaya, kulikuwa na orodha ya kaya zilizoruhusiwa kulima humo kwa masharti. Faili lingekuwa wilaya mama, Rufiji. Nikaenda Utete. Karani wa masjala alinichimbulia faili kutoka chini ya mengine, likiwa limefungwa kwa kamba ya katani, na humo, kwa wino uliofifia, nikamkuta marehemu mume wa mama mwenye nyumba: kaya, kijito, dungu moja. Nilitaka kumkumbatia karani yule. Nikatoa nakala, nikarudi Kibiti nikiwa nimeshinda.

Sikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimepigwa danadana kwa ufundi na upole mkubwa, na kila aliyenipiga alikuwa upande wangu. Huo ndio ugumu wake. Ningepata mtu mmoja mbaya ningegombana naye, na kugombana najua. Nilichokuta ni watu wazuri, kila mmoja na barua yake iliyotoka juu, na barua zenyewe hazijapata kukutana isipokuwa kwenye ukuta wa ofisi yangu.

Yule afisa wa misitu ndiye aliyenieleza wazi. Aliitazama nakala ya Utete, akaitazama fomu ya mradi, akaziweka pamoja.

"Hii ya zamani inasema mwenyewe yupo. Hii mpya inasema hayupo. Ya mwisho ndiyo inayofuatwa. Wote tunazuiwa na sentensi moja tu, na aliyeiandika ni wewe."

"Nifanye nini?"

"Uiandike upya. Useme uliandika uongo."

"Sikusema uongo. Sikujua."

"Basi useme hivyo. Lakini ujue itaingia kwenye faili lako."

Niliandika barua hiyo jioni ileile, kwenye nyumba ya mama yangu Kibiti. Halafu nikaiweka kwenye mkoba na nikakaa nayo. Sitajisafisha hapa, nimejisafisha vya kutosha maishani. Nilikuwa nasubiri kupandishwa daraja. Nilijiambia ninasubiri siku nzuri ya kuipeleka, nikasafiri nayo kurudi kijijini, ikakaa mkobani Ijumaa hii na Ijumaa iliyofuata. Mama hakuniuliza kitu. Asubuhi alipitia njia ya majini, akisimama kidogo kutazama ng'ambo, kisha akaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wengine. Binti alikuwa amefika na kichanga. Mvua za kwanza zikanyesha. Majirani wakaanza kusia mpunga kwenye vitalu, na mama naye akasia kitalu kidogo nyuma ya nyumba, mpunga usiokuwa na pa kwenda. Nilikiona kitalu hicho nilipokwenda kutupa taka. Kilikuwa kimeota, kijani, kimemwagiliwa. Siku hiyohiyo nikapanda boti.

Nilipewa onyo la maandishi. Lilikuwa la haki na lugha yake ilikuwa ya upole. Daraja halikupanda. Lakini barua yangu nayo ilipanda, kwanza kata, kisha halmashauri, kisha sijui wapi, na kwa mara ya kwanza nilikiona kitu kikirudi chini kwa kasi. Nadhani yule mpole wa mazingira, yule mchangamfu wa kilimo na yule mnene wa misitu walikaa meza moja, jambo ambalo halikuwa kawaida. Walitoa uamuzi wa pamoja, sahihi tatu kwenye karatasi moja.

Nilimsomea mama barazani, kichanga kikiwa mapajani mwake. Anaruhusiwa kulima eneo lake kama mtumiaji wa asili. Haruhusiwi kung'oa, kukata wala kujeruhi mche wowote wa mkoko uliopandwa. Eneo litaendelea kuhesabiwa kuwa limerejeshwa. Vilevile litaingizwa kwenye mpango wa kuongeza mpunga.

Alinitaka nisome tena. Nikasoma tena.

"Kwa hiyo shamba langu, miti yao."

"Ndiyo, mama."

Alifikiri. Kisha akamkabidhi binti mtoto, akajifunga khanga kiunoni. "Haya. Mpunga mwaka huu haujui sheria. Tutapanda katikati."

Kesho yake kijiji kizima kilivuka. Sikuwaita, na nadhani ndiyo sababu walikuja. Mwenyekiti alisimamisha dungu jipya kwa miti aliyoiombea kibali, safari hii kibali kikiwa mkononi na kimesomwa kwa sauti. Wanawake walipanda mpunga kati ya miche, wakiizunguka kila mmoja kwa uangalifu kama watu wanaopita katikati ya watoto waliolala. Nami niliingia matopeni hadi magotini nikapanda mistari iliyopinda, na mama akanifuata nyuma akiipandikiza upya. Mikoko ilikuwa mifupi bado, fimbo zenye majani mawili matatu, na mpunga ulipokua uliizidi kimo ikawa haionekani.

Msimu ulikuwa mwema. Maji baridi yalikuja kwa kiasi, kaa wanaokata mpunga walikuwa wachache, ndege walipigwa kelele wakaenda kwingine. Mama alihamia dunguni na binti na mjukuu, na Jumamosi nilivuka nikakaa nao. Wageni wa mradi walirudi. Waliona mpunga na mikoko mahali pamoja, wakafurahi kupita kiasi, wakampiga mama picha amesimama mbele ya masuke. Nasikia picha hiyo imebandikwa kwenye ofisi nyingi. Afisa mazingira alihesabu miche iliyo hai, ikawa karibu yote. Afisa kilimo alipima mavuno yaliyotarajiwa, naye akaridhika. Nilijaza fomu mbili kwa siku moja, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu zote mbili zilikuwa za kweli. Nilipigiwa simu kutoka mkoani nikapongezwa, mimi na onyo langu. Nakiri nilifurahi. Nilifurahi hata nikaanza kuamini kwamba nilikuwa nimeitimiza ahadi yangu.

Mpunga ulipoanza kukomaa, kabla haujakauka, mama alituma niitwe nivuke mchana. Nilikuta wametengeneza pepeta: mpunga mchanga uliokaangwa, ukatwangwa ungali moto, ukapepetwa hadi ukabaki bapa na laini. Kwao pepeta ya kwanza haiuzwi na haigawiwi ovyo. Hupewa waliotia mkono shambani. Aliiweka kwenye ungo, akakunia nazi juu, akanyunyiza sukari kidogo. Nilipanda ngazi ya dungu nikaketi. Binti alikuwa chini anaosha nepi. Upepo ulikuwa unalaza mpunga, na ulipoulaza niliiona mikoko. Ilikuwa imekua. Mingine ilikuwa imefika usawa wa masuke, imeanza kutoa mizizi ya pembeni.

Mama aliona ninapotazama.

"Umeshaandika ripoti yako?"

"Nimeandika, mama. Zote mbili."

"Mpunga umeandika?"

"Nimeandika."

"Na miti?"

"Na miti."

"Na mwakani umeandika nini?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nilizipitia fomu zote mbili kichwani, kurasa zake, visanduku vyake, mistari ya sahihi. Mwakani miti ingekuwa imetanda. Hakuna mpunga unaoota chini ya kivuli cha mikoko, na kila mtoto wa pale anajua. Mtu asiyejua alikuwa mmoja tu, yule aliyepongezwa, na alikuwa amekaa dunguni.

"Fomu haiulizi mwakani, mama," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, pasipo hasira, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikwisha kuijua. Akausogeza ungo hadi ukagusa goti langu.

"Basi kula, mwanangu," alisema. "Kula ushibe. Pepeta ya shamba hili ndiyo hiyo."

Nikala. Nilikula mbele yake hadi ungo ukabaki mtupu, kwa sababu nisingeweza kuusukuma urudi kwake.